Amari, Fito na Mipira: Tarikhi ya Kusimamisha Chombo katika Pwani ya Kusini

Kisiwa cha Wasini, kilicho upande wa kusini kabisa wa pwani ya Kenya, mkabala na bandari ndogo ya Shimoni, hakina gari wala njia ya gari. Watu wake huenda kwa miguu baina ya Wasini mjini na Mkwiro, juu ya jiwe la matumbawe lililoinuka baharini, na kila kilicho kizito, kuanzia saruji hadi magunia ya unga, huwafikia kwa chombo. Hata hivyo, habari ya breki za magari katika pwani hii yafaa ianzie kisiwani humo, kwa kuwa Wavumba, wazao wa Vumba Kuu, mji wa madiwani ambao habari zake zilichapishwa na Mwingereza A. C. Hollis mwaka 1900, waliijua kazi ya kusimamisha chombo kizito kiendacho kwa nguvu karne nyingi kabla ya gurudumu la kwanza la mpira kukanyaga mchanga wa Kwale.

Zama za majahazi, nahodha aliyetaka kusimama aliteremsha tanga, akatia nanga, na tangu hapo uzito wote wa chombo pamoja na msukumo wa mkondo viliiangukia amari, nayo amari aghalabu ilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Wanawake wa pwani waliyafukia makumbi hayo katika matope ya ufuoni, maji yakapwa na kujaa juu yake kwa miezi, hata nyama ya kumbi ikaoza zikabaki nyuzi tupu. Kisha wakayafukua, wakayaponda kwa vigongo, wakazisokota nyuzi zake kwa viganja vya mikono. Kamba iliyopatikana ilikuwa na sifa tatu alizozihitaji baharia: haikuharibiwa upesi na maji ya chumvi, ilielea, na ilinyumbuka. Sifa hii ya tatu ndiyo inayonishughulisha mimi. Wimbi lilipoinua omo, amari ilivutika kidogo, ikakipokea kishindo polepole badala ya kukipeleka chote kwa ghafula katika mbao za chombo, na lau ingalikuwa ngumu kama chuma, ama nanga ingaling'oka, ama mbao zingalipasuka. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, nayo hunyumbuka vilevile, na hiyo ni sababu mojawapo ya kamba zake kupendwa kwa nanga hata leo. Katika bahari, basi, kunyumbuka kwa kitu kinachosimamisha chombo ni fadhila. Katika gari mambo hugeuka kinyume kabisa, na mabishano yote ya siku hizi juu ya mipira ya breki hutokana na ugeuzi huo.

Shimoni yenyewe iliwahi kuwa makao ya kampuni ya Waingereza iliyopewa hati na malkia wao mwaka 1888 ili kutawala biashara ya Afrika Mashariki. Lakini magari hayakuja pamoja na kampuni hiyo. Yalikuja baadaye, kwa kuvushwa Likoni, ambako kivuko cha mtambo kilianza kazi mwaka 1937, yakashika njia ya Diani, Msambweni na Ramisi, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kilichodumu hata kikafungwa mwaka 1988. Njia ya kwenda Shimoni huachana na barabara kuu penye Kanana, na kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kaskazi na utelezi wakati wa masika.

Magari ya mwanzo yalikuwa na breki ambazo dereva wa leo asingethubutu kuziamini. Ford Model T, gari lililoenea duniani baina ya mwaka 1908 na 1927 kuliko jingine lolote, halikuwa na breki ya mguu ya kushika magurudumu. Pedali yake ilibana mkanda ndani ya sanduku la gia, na breki ya mkono peke yake ndiyo iliyofika magurudumu ya nyuma. Zikafuata breki za fito na nyaya, ambazo nguvu ya mguu ilisafirishwa kwa vyuma vilivyoungwa kwa pini, na kila pini ilipolika, gurudumu moja lilishika mapema kuliko jenzake, gari likavutwa kando. Fundi alizirekebisha leo, na safari moja ya mashimo ikazipotosha tena. Mizigo ilipozidi nguvu za breki hizo, utingo alikaa nyuma na kabari ya mti mkononi, tayari kuruka na kuitia chini ya gurudumu. Nayo ilikuwa kazi ya hatari, iliyokula vidole na miguu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kilichoondoa dhiki hiyo ni mafuta. Mwanachuoni wa Kifaransa Blaise Pascal alikwisha kubainisha katika karne ya 17 kwamba kitu cha majimaji kilichofungiwa, kikisukumwa mahali pamoja, hueneza msukumo ule ule pande zote bila upungufu. Walakini ilipita miaka zaidi ya 250 kabla ya Mmarekani Malcolm Loughead, mwaka 1917, kupata hati ya kumiliki ubunifu wa breki zinazotumia kanuni hiyo. Gari la Duesenberg likazitumia kwa magurudumu yote manne mwaka 1921, Chrysler akazitia katika gari la watu wa kadiri mwaka 1924, naye Henry Ford, aliyekuwa mgumu wa kuacha fito zake, hakukubali hadi magari ya mwaka 1939. Land Rover zilipotoka mwaka 1948, gari ambalo serikali na wenye mashamba walilitegemea mno katika nchi hizi, zilikuwa na breki za mafuta tangu siku ya kwanza. Fito ilikuwa imekwisha, na usawa wa magurudumu ukawa ni jambo la maumbile ya mafuta yenyewe, si la subira ya fundi.

Lakini gurudumu hupanda na kushuka, na la mbele hugeuka kulia na kushoto, ilhali mwili wa gari umetulia. Bomba la chuma likiunganisha vitu viwili vya namna hiyo litakatika kwa uchovu. Kwa hiyo ikalazimu kipande cha mwisho, kifupi, kiwe mpira uliotiwa nyuzi ndani yake, na hapo ndipo ule mnyumbuko wa amari uliporejea pasipotakiwa. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, msukumo ndani ya mabomba huweza kupita kilo 70 katika kila sentimita mraba, na mpira chini ya msukumo huo hutanuka. Kutanuka huko ni kudogo, lakini mafuta yanayosukumwa na pedali nayo ni machache, na yale yanayokwenda kujaza uvimbe wa mpira hayafiki kwenye brekipedi. Mguu huhisi ulaini, kana kwamba umekanyaga sifongo. Kanuni ya Marekani nambari 106, inayohusu mipira ya breki, imeigawa mafungu mawili, yenye kutanuka kwa kawaida na yenye kutanuka kidogo, na fungu la pili limeruhusiwa takriban nusu tu ya la kwanza; maana yake ni kwamba mpira na mpira si sawa, hata kabla hatujataja chuma.

Wenye ndege na wenye magari ya mashindano ndio waliotafuta kitu kisichotanuka, wakakipata kwa kuvisha mrija wa ndani fumo la nyaya za chuma kisichoshika kutu. Mrija huo siku hizi hufanywa kwa ile plastiki iitwayo tefloni, aliyoigundua Roy Plunkett mwaka 1938. Katika nchi zetu, mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ambayo Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, yaliwafundisha vijana kuyatazama magari kwa jicho la kutaka kujua vilivyo chini yake, na kila kilichofungwa kwenye gari la mashindano kikatamaniwa na mwenye gari la kawaida.

Je, mipira hiyo ya nyaya huongeza uwezo wa breki? Huongeza hisia, na katika hilo sina shaka: pedali huwa ngumu zaidi, husafiri masafa mafupi zaidi, na dereva hupima kwa mguu wake kwa uhakika zaidi ni kiasi gani cha nguvu anachotoa. Ama kusimama kwa gari, hilo huamuliwa mahali pengine. Ikiwa breki zilizopo zina nguvu ya kuyafunga magurudumu yasizunguke, basi mwisho wa uwezo wake ni mshiko wa tairi juu ya barabara, na tairi iliyolika juu ya lami iliyomwagikiwa mchanga, kama ile ya baina ya Ukunda na Msambweni siku za upepo, haiongezwi mshiko na mpira wa breki wa thamani yoyote. Aidha, wengi wanaosifu mabadiliko makubwa walitoa mipira iliyozeeka, na wakati wa kufunga mipya fundi alilazimika kutoa upepo wote kwenye mabomba na kutia mafuta safi. Mpira mpya wa kawaida pamoja na kazi hiyo hiyo ungewapa sehemu kubwa ya raha waliyoinunua kwa bei kubwa.

Adui wa breki katika pwani ya kusini ni mwingine, nalo gari lolote lifanyalo kazi gatini Shimoni au lipitalo kivukoni humjua. Chumvi iletwayo na upepo wa bahari hukaa juu ya mabomba ya chuma yapitayo chini ya gari, hasa penye vishikizo, ambapo maji hunaswa yasikauke, na kutu hula kutoka nje kuelekea ndani pasipo mtu kuona, hata siku ya kukanyaga kwa nguvu bomba likapasuka. Waswidi, ambao hawana bahari ya joto lakini humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, walikutana na msiba huo huo. Kampuni ya Volvo, ambayo gari lake ndilo alilolishindia Joginder mwaka 1965, ikaanza mwaka 1976 kutumia mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli, sehemu tisa kwa moja, madini yasiyoogopa maji ya bahari. Naona hilo ndilo badiliko la mabomba linalostahili fedha ya mtu wa Kwale kabla ya jingine lolote. Wala shaba tupu haifai badala yake, ingawa hukunjika kwa urahisi na mafundi huipenda, kwa sababu huchoka na kupasuka kwa mtetemo.

Adui wa pili ni unyevu. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa maji kutoka hewani, hata kwa kupenya taratibu katika kuta za mpira. Yale ya daraja la tatu yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanywa maji sehemu 3.7 katika mia, kiwango chake hushuka hadi 140, na mvuke ukizaliwa ndani ya mabomba pedali huzama hadi sakafuni. Tefloni hupitisha unyevu kidogo sana kuliko mpira, na katika hewa yetu nzito faida hiyo, ambayo wauzaji hawaitaji, naithamini kuliko ugumu wa pedali.

Walakini fumo la nyaya lina aibu yake. Mpira wa kawaida ukizeeka hutoa nyufa nje, na fundi akiukunja kwa vidole huziona. Mrija uliovikwa nyaya huficha maradhi yake, na chembe za mchanga zikiingia baina ya nyaya na mrija huukata polepole kila gurudumu linapogeuka. Atakaye mipira ya namna hiyo katika barabara za mchanga za pande za Lunga Lunga na Shimoni amwulize muuzaji kama nyaya zake zimefunikwa ganda la plastiki kwa juu, na amwambie fundi aifunge isijipinde wala isisuguane na kitu, gurudumu likiwa limegeuzwa hadi mwisho wake wa kulia na kushoto.