Uongo wa Babu na Mpira wa Kuzibulia Sinki

Tarehe 21 Desemba 1963, watazamaji wa BBC nchini Uingereza walimwona Barbara, mwalimu wa historia, akijibanza ukutani na kupiga mayowe. Kilichomjia hakikuonekana. Ulionekana mkono wake tu, na mkono wenyewe ulikuwa mpira wa kuzibulia sinki. Watu wakakaa wiki nzima wakisubiri kujua mpira ule ni wa nani.

Ulikuwa wa Dalek. Hadithi hiyo ya vipindi saba, kazi ya Terry Nation, ilikuwa ya pili katika tamthilia ya Doctor Who. Sydney Newman, mkuu wa tamthilia pale BBC, alikuwa amekataza mazimwi ya kutoa macho. Mtayarishaji, Verity Lambert, mwenye umri wa miaka 28, akamletea viumbe wenye jicho moja juu ya fimbo. Kwa hesabu kali, agizo halikuvunjwa: alikataza macho, si jicho.

Nimeitazama mara tatu, na kila mara nacheka palepale. Umbo la Dalek alilisanifu Raymond Cusick kwa fedha kiduchu. Ndani ameketi mwigizaji, akilisukuma kwa miguu kama mtoto aliyeingia kwenye boksi. Jeshi linapotakiwa kuonekana kubwa, nyuma husimamishwa picha za Dalek, nazo, kama picha zote, hazitikisiki. Halafu kuna suala la umeme: Dalek huupata kutoka sakafu ya chuma, hivyo hawawezi kutoka nje ya mji wao. Wafungwa wanampaka mmoja tope kwenye jicho, wanamsukumia juu ya joho, na kwisha kazi. Ian, mwalimu wa sayansi, anaingia ndani ya gamba na kuondoka nalo.

Kicheko changu hukoma nikikumbuka jinsi walivyofika hapo. Daktari, babu mwenye udadisi kuliko busara, alitaka kuutembelea mji ule. Wenzake walikataa. Akadanganya kwamba kifaa kimoja cha chombo chao kimeishiwa zebaki, na kwamba zebaki huenda ikapatikana mjini. Kifaa kilikuwa kizima. Dalek wakawakamata na kukichukua, na sasa uongo ukawa kweli: bila kifaa hicho hawaondoki.

Kwenye sayari hiyo wanaishi pia Wathal. Zamani walikuwa wapiganaji, hadi vita vya nyutroni vilipoiteketeza nchi. Waliosalia wakaapa kutopigana tena. Mwaka 1963 hilo halikuwa jambo la kubuni tu. Mgogoro wa makombora ya Cuba ulikuwa umepita mwaka mmoja tu kabla, na Nation, mzaliwa wa Cardiff wa mwaka 1930, alikuwa mtoto wakati mabomu ya Wajerumani yakiuangukia mji wake.

Wageni wanahitaji jeshi, na jeshi pekee lililopo ni hawa wasiopigana. Mwanzoni Ian anakataa: ushindi gani huo, watu wakiisha kufa? Kisha anabadilika. Anamshika Dyoni, mchumba wa Alydon, kiongozi wao, na kutangaza kwamba atambadilisha na kifaa. Alydon anampiga ngumi. Ian anainuka akiwa ameridhika: kumbe mnaweza kupigana.

Baadaye inagundulika kwamba Dalek wanapanga kuijaza sayari yote mionzi, na vita vinapata sababu nzuri. Lakini Ian alipomshika yule msichana hakujua hilo. Sisi tunaosoma historia tunaufahamu mtindo huu: sababu nzuri ya vita mara nyingi hufika wakati askari wameshaondoka nyumbani.

Njiani Elyon anavutwa majini ziwani na haonekani tena. Antodus, aliyekuwa mwoga tangu mwanzo, anatumbukia shimoni na kuning'inia kwenye kamba iliyofungwa kwa Ian, na anaikata mwenyewe ili asimvute mwenzake. Mjini, Dalek wa mwisho anamwomba Daktari arudishe umeme. Daktari anajibu kwamba hata angetaka, hajui namna.

Kifaa kinapatikana. Wageni wanaagana na Wathal kwa tabasamu na kupanda chomboni. Alydon anabaki na mji mtupu na watu wachache kuliko aliokuwa nao, na hakuna anayemwambia zebaki haikuwahi kuisha.