Choo cha chumba kidogo

Choo cha chumba kidogo ni maliwato ya mtu mmoja, isiyo na bafu, iliyojengwa ndani ya nyumba au kuegemezwa kwenye ukuta wake. Kwa kawaida upana wake ni sentimita 80 hadi 100, na urefu wake haufiki mita moja na nusu. Katika nyumba za mjini huitwa choo cha wageni na hukaa karibu na sebule. Vijijini, pale kinapojengwa, mara nyingi ndicho choo pekee cha nyumba nzima, kwa hiyo kosa la kuchagua sinki la choo lisilofaa humgusa kila mwanafamilia, kila siku. Makala hii inaeleza uchaguzi huo kwa kuiangalia Kiegei, kata ya Wilaya ya Nachingwea katika Mkoa wa Lindi, pamoja na wilaya jirani ya Ruangwa.

Choo cha ndani si kitu kigeni katika mkoa huu. Magofu ya Songo Mnara, yaliyoingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yana vyoo ndani ya nyumba za mawe, na magofu ya Gede kwenye pwani ya Kenya ni vivyo hivyo. Bara ilichukua njia nyingine, ile ya choo cha shimo nyuma ya nyumba. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia takriban watu milioni 2 na kuhimiza kila kaya ichimbe choo. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo, iliyosisitiza choo bora. Kati ya hizo mbili, ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji ilianza mwaka 1979 kufyatua vibamba vidogo vya zege vyenye tundu lililosanifiwa vizuri, mahali pa kuweka miguu na kifuniko kinachobana. Kibamba cha aina hiyo, chenye upana wa sentimita 60 kila upande, hutandikwa juu ya sakafu ya miti na udongo na kuifanya ioshwe. Hata hivyo miti huliwa na mchwa, na kibamba hakiwezi kuokoa sakafu iliyooza. Lazima miti yenyewe ikaguliwe.

Anayetaka sinki la choo aanze na maji, kisha umbo. Sinki la kukaa lenye tanki la flashi hutumia lita 6 hadi 9 kila linapovutwa, na yapo ya zamani yanayozidi hapo. Ndoo ya kawaida ni lita 20, kwa hiyo flashi mbili hadi tatu humaliza ndoo iliyobebwa kichwani kutoka kisimani. Sinki la kuchuchumaa la kumwagia maji kwa kopo husafishwa kwa lita 1.5 hadi 3. Sahani ya plastiki ya SATO, iliyobuniwa kwa majaribio ya Bangladesh na kuuzwa pia Tanzania, huhitaji chini ya lita moja, kwa kuwa kifuniko chake hufunguka kwa uzito wa maji na kurudi chenyewe. Nyumba iliyounganishwa na mtandao wa Mamlaka ya Maji Masasi na Nachingwea, na yenye tanki juu ya mnara wa kuvumilia siku za mgao, inaweza kufikiria flashi. Nyumba inayotegemea kisima au bomba la mtaa isinunue tanki la flashi kwa ajili ya kupendeza. Baada ya miezi michache litakuwa kavu, na watu watakuwa wakimwagia kwa ndoo sinki ambalo halikuundwa kwa kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya kawaida ya Kiegei sinki la kuchuchumaa la kumwagia maji ndilo chaguo bora. Linachukua nafasi ndogo, halina vipuri vya kuharibika, halimgusi mtumiaji mwilini, nalo huendana na desturi ya kujisafisha kwa maji. Shingo yake iliyopinda hubakiza maji kidogo yanayozuia harufu na nzi. Wazo hilo la shingo lilisajiliwa London na Alexander Cumming mwaka 1775 na limebaki msingi wa sinki lolote jema. Lakini shingo haivumilii magunzi, majani magumu, vitambaa wala pedi. Penye mazoea hayo, kiwekwe chombo chenye kifuniko ndani ya chumba. Vinginevyo fundi bomba ataitwa mara kwa mara.

Vipimo vya chumba ndivyo huamua mengine. Sinki la kukaa lenye tanki lake hutoka ukutani kwa sentimita 65 hadi 75. Katikati yake panahitaji angalau sentimita 38 hadi kila ukuta wa pembeni, na mbele ya sinki zibaki sentimita 55 au 60 za magoti. Chumba cha sentimita 90 kwa 140 kinalipokea, lakini mlango ukifungukia ndani, utamgonga aliyeketi. Mlango wa choo kidogo ufungukie nje. Kuna sababu ya pili, na ni nzito zaidi: mtu akianguka ndani, mlango unaofungukia ndani hauwezi kusukumwa bila kumuumiza.

Kosa linaloonekana mara nyingi katika ujenzi hutokea hapa. Fundi hupima tundu la bomba la inchi 4 kuanzia kwenye tofali tupu, sentimita 30 kutoka ukutani. Wiki kadhaa baadaye plasta inapigwa, marumaru zinabandikwa, na ukuta unasogea mbele kwa karibu sentimita 3. Sinki linapoletwa halikai juu ya tundu. Fundi hulisogeza, hujaza pengo kwa saruji, na miezi michache baadaye maji machafu yanatokea chini ya marumaru. Kipimo sahihi ni kutoka kwenye uso wa marumaru. Sinki linunuliwe kabla bomba halijafukiwa, liwekwe mahali pake, ndipo tundu lichorwe. Mnunuzi ajue pia kama sinki lake linatolea ukutani au sakafuni, kwa kuwa yapo ya aina zote mbili madukani na hayabadilishani. Dukani aligonge kwa kifundo cha kidole: lililo zima hutoa mlio mkali, lenye ufa hutoa mlio uliokufa.

Choo kikiingia ndani, shimo lazima likae nje, pembeni. Bomba literemke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, liwe na kona chache iwezekanavyo, na kila kona iwe na chemba ya kuzibulia. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na chini yake libaki juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5. Udongo wa mchanga hujengewa ukuta wa tofali, la sivyo mvua itauporomosha. Udongo wa mfinyanzi haunyonyi, na hapo shimo dogo hujaa upesi. Mashimo mawili yanayopokezana ni bora kwa mwenye nafasi: moja likijaa hufungwa kwa miaka miwili, na lililotulia hufukuliwa kwa usalama.

Majira yana uzito wake. Korosho za Nachingwea na Ruangwa huuzwa kwa minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kuanzia Oktoba, na fedha humfikia mkulima mvua zikiwa zinakaribia. Wengi huanza kuchimba hapo, na shimo hujaa maji kabla ya kujengewa. Ni bora kuchimba na kujenga ukuta wa shimo Agosti au Septemba, kwa nguvu za nyumbani, kisha sinki na bomba vinunuliwe fedha zikiingia.

Kwa kaya za Kiislamu, sinki halielekezwi kibla wala halikipi kibla mgongo. Kwa Nachingwea kibla ni karibu kaskazini kamili, kwa hiyo sinki hulazwa mashariki kwa magharibi, na mpango wa chumba uanzie hapo. Ni jambo la kumweleza fundi siku ya kwanza, kwa kuwa kuligeuza sinki baada ya saruji kukauka ni kuvunja sakafu yote.

Yupo mtu mmoja anayebadilisha hukumu yote iliyotangulia: mzee mwenye maumivu ya goti, mjamzito wa miezi ya mwisho au mlemavu wa miguu. Kwake sinki la kukaa ni lazima. Kama maji ni haba, lichaguliwe la kumwagia, lisilo na tanki, kiti chake kiwe sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni, na bomba la chuma lifungwe ukutani kwa kushikilia. Mwenye nyumba asiamue peke yake dukani. Amuulize mama yake au baba yake kama anaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa mkono, kisha ndipo alipe.