Eti Mpanda Haina Historia?

Nimekuwa kimya wiki 2 hivi, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo sina habari za wanasiasa. Nataka tuzungumze kuhusu swali aliloniuliza mpwa wangu wa darasa la 6 nilipokwenda nyumbani Mpanda likizo.

"Mjomba, mbona kwenye kitabu kuna Kilwa, Bagamoyo na Ujiji, sisi hatumo? Huku hakukuwahi kutokea kitu?"

Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana jibu sikuwa nalo. Nina shahada, naandika gazetini, lakini historia ya mahali nilipozaliwa naijua vipande vipande tu. Basi nikanunua bando, tukakaa barazani: mimi, yeye, dada yangu na bibi. Tulifungua tovuti 4. Nakupendekezea na wewe, kama una mtoto, mdogo wako au mpwa anayeng'ang'ania simu yako kila jioni.

Ya kwanza ni dacb.org. Hii ni kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, lakini hata kama wewe si Mkristo, fungua. Tafuta jina la Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Unajua alikwenda wapi baada ya hapo? Karema! Ndiyo, Karema yetu, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na wamisionari wakakirithi mwaka 1885. Atiman alifika mwaka 1889, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Mpwa wangu akatoa kwa vidole, akapata miaka 67. Akauliza, "Kwa hiyo mtumwa akawa daktari wa kwetu?" Nikamwambia ndiyo.

Ya pili ni livingstoneonline.org. Najua utasema, "Livingstone tena? Si tulimkariri shuleni!" Ngoja kwanza. Humo kuna shajara ya Jacob Wainwright, iliyowekwa mtandaoni mwaka 2019. Wainwright alikuwa Myao. Alitekwa na wauza watumwa, meli ya Waingereza ikamkomboa, akasomeshwa India. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma sala za mazishi. Wenzake, akina Chuma na Susi, wakaubeba mwili kwa miguu mpaka pwani. Yeye akaandika. Leo unaweza kuuona mwandiko wake kwenye simu yako.

Alisafiri na jeneza hadi London, akawa mmoja wa walioshika jeneza kwenye mazishi ya Aprili 1874. Kisha akarudi Afrika, na mwaka 1892 akafariki Urambo. Ukipanda treni Tabora kuja Mpanda, unapita Urambo kabla ya Kaliua. Nimepita hapo mara ngapi! Kila mara nilikuwa nachungulia dirishani kutafuta muuza asali.

Ya tatu ni sw.wikipedia.org, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Faida yake ni kwamba mtoto anasoma mwenyewe, huhitaji kumtafsiria. Tukasoma kuhusu Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Mazungumzo yakahamia kwenye reli. Nikamweleza mpwa wangu kwamba tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950, na halikujengwa kwa ajili yetu abiria. Lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi.

Hapo bibi, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akasema: "Babu yenu alifanya kazi mgodi huo."

Wadau, mimi sikujua. Babu alifariki nikiwa mwaka wa 2 chuo kikuu. Nimewahoji mawaziri, wabunge, hata mwizi wa pikipiki. Babu yangu sikuwahi kumhoji hata dakika 5. Alikuwa analipwa shilingi ngapi? Alilala wapi? Nani walikufa humo? Hakuna tovuti itakayonijibu.

Bibi akaendelea kusimulia mpaka bando likaisha, na hakuna aliyejali. Mpwa wangu akaenda kuchukua daftari.

Ndiyo maana tovuti ya 4 naiona muhimu kuliko zote: africanstorybook.org. Ilianzishwa Afrika Kusini, ina hadithi za watoto zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ni bure. Lakini pia inakuruhusu uandike hadithi yako. Mpwa wangu ataanza na mzimu wa Katabi, ambaye hifadhi yetu ya Katavi imepata jina kwake, na mkwaju ambao watu humpelekea sadaka. Ya babu itafuata. Mimi nimepewa kazi ya kusahihisha tahajia tu!

Angalizo kwa wazazi: kaeni na mtoto. Shajara za Livingstone zina habari za mauaji ya kutisha ya Nyangwe ya mwaka 1871, kwa hiyo someni ninyi kwanza. Na picha zake zinakula bando, tumieni usiku.

Na kama kuna mzee nyumbani, mwite barazani kabla hujawasha simu. Bibi yangu nimemwahidi nitarudi Desemba na kinasa sauti. Safari hii siahirishi.

Alamsiki.