Sahihi Kwenye Ganda la Yai: Nani Hasa Huchora Yai la Kimelea?

Wako ndege wasiojenga kiota wala kuatamia. Jike huvizia kiota cha ndege wa aina nyingine, hutaga yai lake humo na kwenda zake. Mwenye kiota huatamia, huangua na kulisha kinda lisilo lake. Wataalamu huwaita vimelea wa viota, na walio mashuhuri zaidi ni kekeo. Mayai ya wengi wao hufanana na ya mwenyeji kwa rangi na madoa kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyeyashika mkononi.

Masimulizi ya kawaida humpa kimelea sifa zote: yeye ndiye mwerevu, mwenyeji ndiye mjinga. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Ninadai kwamba yai la kimelea huchorwa na jicho la mwenyeji, na kwamba ngao kubwa ya mwenyeji ni tofauti iliyopo kati ya mayai ya jike mmoja na ya mwenzake.

Tujihadhari kwanza na lugha ya nia. Hakuna ndege anayekaa akabuni rangi ya yai lake. Mwenyeji hulitupa yai analolitilia shaka. Lile lililofanana zaidi na mayai yake husalia, na mabinti wa kimelea aliyelitaga hurithi sura ya yai hilo. Kila anapotupa yai, mwenyeji huwaondoa waigaji duni na kuwaacha mahodari. Bila macho yake, uteuzi asilia usingekuwa na sababu ya kumnoa mwigaji. Lakini uteuzi huohuo humfikia mwenyeji pia: jike ambaye mayai yake hayafanani na ya wengine ni vigumu kuigwa. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Choma, kusini mwa Zambia. Huko anaishi kidenenda aitwaye Prinia subflava, anayepatikana pia Kenya na Tanzania. Mayai ya majike wa kidenenda huyu hutofautiana ajabu: meupe, mekundu, ya buluu au ya kijani cha zeituni, yenye madoa na mistari ya namna nyingi. Hata hivyo, kila jike hushikilia aina yake moja, kama mtu na sahihi yake. Kimelea wake ni Anomalospiza imberbis, ndege mdogo wa jamii ya fumbwe. Mwaka 2012 watafiti Claire Spottiswoode na Martin Stevens walichapisha uchambuzi wa mayai ya ndege hao wawili kutoka eneo hilohilo kwa kipindi cha miaka 40. Rangi zilipimwa kwa kufuata uwezo wa kuona wa ndege, unaopita wa binadamu. Ilibainika kwamba rangi za pande zote mbili zilizidi kutawanyika kadiri miaka ilivyopita, na kwamba mayai ya kimelea yalifanana zaidi na ya wenyeji wa wakati wake kuliko ya wakati mwingine. Mbio hizi kati ya mwigaji na anayeigwa, basi, zinaonekana ndani ya umri wa mtu mmoja.

Nani ana nafasi kubwa zaidi katika mbio hizo? Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2022 unatoa jibu lenye pande mbili. Sura ya yai la kimelea huyu hurithiwa kwa upande wa mama peke yake. Urithi huo una faida: ukoo mmoja wa kike unaweza kubobea kwa mwenyeji mmoja bila baba wa ukoo mwingine kuuvuruga. Lakini faida hiyo ina gharama. Mwenyeji huchanganya jeni za wazazi wawili, hivyo huweza kuunganisha rangi na kupata mpya, kama ile ya kijani cha zeituni. Kimelea, aliyefungwa kwenye ukoo wa mama, hana njia hiyo ya kuchanganya. Njia ileile iliyomfikisha mbali ndiyo inayomwekea mpaka.

Mramba mwenye mkia wa panda anaonyesha uzito wa tofauti kati ya mayai ya majike. Kekeo wa Afrika huiga mayai ya mramba kwa ustadi mkubwa mno, lakini hachagui kiota kinacholingana na yai lake. Utafiti wa Zambia wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba miramba hukataa takriban asilimia 94 ya mayai hayo. Kughushi vizuri sahihi ya aina nzima hakutoshi pale ambapo kila jike ana sahihi yake binafsi.

Hoja hii inathibitika pia kwa kinyume chake. Minana wa vijijini, Ploceus cucullatus, walihamishwa na binadamu kutoka Afrika hadi kisiwa cha Mauritius na kisiwa cha Hispaniola, mbali na kekeo wanaowasumbua kwao. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kwamba huko mayai ya majike tofauti yamekaribiana kwa sura, ilhali ya jike mmoja hayalingani tena kama zamani. Kimelea alipokosekana, sahihi nazo zilianza kufifia.

Mpinzani ataleta mfano wa mlembe, ndege anayewaongoza warina asali. Huko Choma mlembe hutaga katika viota vya keremkerem mdogo vilivyochimbwa ndani ya mashimo ya muhanga, kwenye giza ambamo rangi haina kazi. Mayai yake hata hivyo hulingana na ya mwenyeji kwa ukubwa. Mwenyeji hayakatai yaliyo tofauti. Hatari inatoka kwa mlembe mwingine, ambaye hutoboa mayai anayoyakuta, hasa yasiyolingana na mengine. Nakubali kwamba mfano huu unanilazimisha kurekebisha kauli: anayechora yai si lazima awe mwenyeji, bali ni yeyote mwenye uwezo wa kuliharibu. Lakini hauurudishi usanii kwa mtagaji.

Wala simtangazi mwenyeji mshindi. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kimelea wa kidenenda hurudi kutaga mayai kadhaa katika kiota kimoja, na mwenyeji hupotewa na kipimo cha kutofautisha yai lake na la mgeni. Akikosea, hutupa mwanawe.

Kwa hiyo, anayetaka kuuelewa mwigo asianze na yai la kekeo. Aanze na viota vya minana: alinganishe mayai ya jike mmoja, kisha ya jirani yake, na aandike tofauti anazoziona.