Mwanasheria wa Bunda

Ndugu wasikilizaji wa Tarime na Serengeti, leo tumtazame jirani yetu wa Bunda, Jaji Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa mwaka 1940. Alianza kama wakili wa Serikali, akawa Mwanasheria Mkuu mwaka 1976, kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Lakini vyeo wengi wamevipata. Mimi namkumbuka kwa ripoti zake. Mwaka 1996 Tume yake ilimkabidhi Rais Mkapa taarifa iliyoanika rushwa, kubwa na ndogo, polisi na mahakamani, mambo tuliyokuwa tukiyanong'ona tu vijiweni. Mwaka 2013 Tume yake ya Katiba ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu likalikataa pendekezo hilo mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa.