Pemba kwa baiskeli: njia za karafuu na wale waliozipita

Wenzangu wa Dar wakisikia jina la Pemba huwaza mambo matatu: karafuu, uganga na uchaguzi. Leo naomba niongeze la nne, nalo ni baiskeli (wenyewe husema baskeli). Wageni wanaoshukia Chake Chake na Wete wanakodi baiskeli za gea, wanazunguka mashambani, wanapita kwenye magofu na kwenye msitu wa Ngezi, kisha wanarudi kwao na picha za watoto wanaopunga mikono. Hawana kosa. Ila sisi tunaojua Kiswahili tunaweza kuuliza zaidi: njia hizi wanazopita nani alizichonga, na alikuwa amebeba nini kichwani?

Kwanza ujue kisiwa kilivyo. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha kijani na hawakutia chumvi. Hakuna kilima kinachofika hata mita 150, lakini usidanganyike, kwa sababu upande wa magharibi ni kilima, bonde, kilima, bonde, bila mapumziko. Unapanda kwenye mikarafuu, unateremka kwenye mpunga, unapanda tena. Baada ya saa moja mapaja yanakuuliza kwa nini hukupanda daladala.

Ukitazama ramani, barabara kubwa inapita katikati kama uti wa mgongo, kutoka Mkoani kusini, kupitia Chake, hadi Wete na Konde kaskazini. Njia za shamba, zile za udongo mwekundu ambazo ndizo tamu kwa baiskeli, hazifuati mkondo huo. Nyingi zinakata ubavu kuelekea magharibi, zinateremka hadi kwenye mahori, yaani vile vidole vya bahari vilivyojaa mikoko vinavyoingia ndani ya nchi kavu. Njia inafika kwenye tope, inakuta mtumbwi mmoja au miwili, basi, imekwisha. Mgeni hudhani amepotea. Hakupotea hata kidogo, amefika bandarini.

Kabla ya lami, Pemba ilikuwa na bandari nyingi namna hiyo. Kila kundi la vilima lilikuwa na hori lake, na mzigo ulishuka kwa kichwa au kwa punda mpaka kwenye chombo. Kwanza ulikuwa mchele. Kwa karne nyingi Mombasa ilikula mpunga wa Pemba, hata Wareno walipokuwa wamejifungia Fort Jesus. Karafuu ilikuja baadaye, katika karne ya 19, na mwanzoni Unguja ndiyo iliyotangulia.

Kilichogeuza mambo ni upepo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, na wenye mashamba wakakigeukia kisiwa cha pili. Tangu wakati huo, mtu akikwambia "karafuu ya Zanzibar" ujue zaidi ni ya Pemba.

Sasa angalia tarehe inayofuata. Tarehe 5 Juni 1873, mwaka mmoja na ushee baada ya kimbunga, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini mjini Unguja likafungwa. Yaani biashara ya watu ilifungwa rasmi wakati uleule ambao Pemba ilikuwa na njaa kubwa kuliko zote ya mikono ya kuchuma. Na karafuu haina njia ya mkato. Kikonyo kinachumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, ukichelewa umeharibu. Mti mmoja unaurudia zaidi ya mara moja katika msimu.

Unaweza kukisia kilichotokea. Watu wakaanza kuingizwa kwa magendo, usiku, kwa majahazi yaliyojua kila hori. Waingereza walileta meli ya kivita, HMS London, ikatia nanga Zanzibar mwaka 1874 iwe kituo cha kuwinda majahazi hayo. Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi la watumwa lililokuwa likipeperusha bendera ya Ufaransa. Nahodha tunamjua kwa jina, cheo na tarehe ya kifo. Waliokuwa ndani ya jahazi tumeachiwa neno moja tu, "watumwa".

Hili ndilo linalonikaa kichwani kila ninapozungumza na mtu aliyetoka kuendesha baiskeli Pemba. Watu walioshushwa kwenye mikoko usiku walipandishwa vilimani kwa njia za aina hiihii, kwa miguu, wengine wakiwa wametoka mbali hadi Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Na karafuu walizochuma zilishuka kwa njia hizohizo kwenda kwenye vyombo. Kile kilima kinachokutoa jasho ukiwa na gea 21 kilipandwa na watu wasio na viatu.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar na Pemba mwaka 1897, kwa mtindo wa ajabu kidogo: mtu alitakiwa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyeweza kulipwa fidia. Mwaka huohuo Waquaker kutoka Uingereza waliingia Pemba. Mmoja wao, Theodore Burtt, alisimamia shamba la misheni huko Banani, ambako walioachwa huru walifanya kazi kwa ujira. Ukipita Banani kwa baiskeli utaona miti na kijani tu, ukiwa huna mtu wa kukueleza.

Magofu, kwa upande wake, yana masimulizi tele. Nenda Pujini, kama kilomita 10 hivi kusini-mashariki ya Chake, njia rahisi kwa baiskeli kwa sababu upande huo ardhi imelala. Hapo ndipo alipokaa Mkama Ndume, mtawala mkali wa karne ya 15, ndani ya boma lenye kuta nene. Mwenyeji yeyote atakusimulia: aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kisima alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Chini ya ardhi kuna chumba chenye picha ya siwa iliyochongwa kwenye lipu. Mwanaakiolojia Adria LaViolette alichimba hapo miaka ya 1990, na kuna mambo ya kuvutia kuliko hata hadithi ya kisima, lakini hadithi ndiyo inayouzika.

Sikilizeni sasa. Ukatili wa Mkama Ndume, wa miaka zaidi ya 500 iliyopita, unasimuliwa kwa mgeni bila kusita, pamoja na makalio ya watu. Ukatili wa mashamba ya karafuu, ambao umri wake ni kama wa babu wa babu zetu, hausimuliwi njiani. Nadhani sababu si kusahau. Mkama Ndume hana anayemlilia, wala anayemwonea haya. Wa karafuu, wajukuu wao bado wapo, wa pande zote mbili, wameoana, wanaswali msikiti mmoja, na kuuliza "babu yako alikuja vipi?" ni kukosa adabu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu, kwa hiyo hata ukiuliza shamba ni la nani unaweza kugusa kidonda kingine. Naiheshimu staha hiyo. Lakini staha ya wenyeji ni jambo moja, na ziara ya utalii inayomwonyesha mtu mikarafuu kama mapambo ni jambo jingine. Anayelipia ziara ya "njia za viungo" angeweza kuambiwa angalau mwaka 1873 ulikuwa na nini.

Mahori yenyewe hayakustaafu. Baada ya Mapinduzi serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee wa karafuu, na bei ya Mombasa ilipokuwa nono kuliko ya shirika, magunia yalishuka tena usiku kwenye mikoko. Safari hii waliovuka bahari hawakuwa watu bali karafuu, na baiskeli ya mkulima ilikuwa na kazi ya kufanya. Sheria ilifika hadi kutishia kifo kwa magendo hayo.

Kaskazini nitapita haraka. Tumbe palikuwa na kijiji kikubwa cha wafanyabiashara kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, na kwenye udongo wake vimepatikana vigae vingi vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga. Jirani yake ni magofu ya Chwaka, yaliyokuja baada yake. Kutoka Konde unaingia Ngezi, na hapo barabara inapita ndani ya msitu wenyewe: giza la ghafla, baridi, kelele za ndege, mipapindi ambayo ni ya Pemba. Huo ndio mfano wa kisiwa kilivyokuwa kabla ya mpunga na karafuu kukivua nguo. Mbele yake ni ufukwe wa Vumawimbi.

Kama unakwenda, epuka masika, ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Beba pampu na viraka. Karafuu huchumwa kuanzia Julai hivi hadi mwisho wa mwaka, na wakati huo utakuta majamvi yameanikwa hadi pembeni mwa njia, yanachukua nusu ya nafasi, na harufu utaisikia kabla hujayaona. Hapo shuka, ikokote baiskeli, na umwamkie bibi aliyekaa akichambua makonyo. Kama hana haraka, mwulize njia ya hori iko wapi.