Hordern, Charles, na juzuu iliyokomea Kilwa

Charles Hordern alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, luteni kanali wa wahandisi wa jeshi, na mwandishi wa historia ya vita. Jina lake limebaki kwa sababu ya kitabu kimoja: juzuu ya kwanza ya historia rasmi ya Waingereza kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, iliyochapishwa London mwaka 1941. Inaanza Agosti 1914 na kukoma Septemba 1916. Kwa watu wa Kilwa na Lindi tarehe hiyo ya mwisho ni nzito, maana mwezi huohuo wanamaji wa Kiingereza waliteremka Kilwa, Mikindani na Lindi, na vita vikahamia kusini. Kitabu kinaishia mlangoni.

Kazi hiyo hakuianza yeye. Rasimu ya awali iliandikwa na Meja H. FitzM. Stacke wa kikosi cha Worcestershire, ambaye mwaka 1928 alikuwa ametoa historia ya kikosi chake. Stacke alifariki kabla kitabu cha Afrika Mashariki hakijachapishwa, na Hordern akajenga juu ya msingi wake. Wote wawili waliifanyia kazi ofisi ya historia ya Kamati ya Ulinzi wa Dola, iliyoongozwa na James Edmonds, ambamo maofisa walipitia shajara za vikosi na kuzilinganisha na maandishi ya adui.

Hordern anastahili heshima. Hakuwafichia wakubwa wa Kiingereza aibu ya Tanga, Novemba 1914, walipoleta jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India likashindwa na jeshi dogo la Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Kitabu chake kinatilia maanani barabara, chakula na wapagazi, na hapo ndipo siri ya vita hivi ilipo. Chukua hesabu ndogo. Mpagazi amejitwika kilo 25 za unga, naye anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, kinachomfikia askari ni kilo tano tu.

Pwani ya kusini ilishaionja kazi hiyo kabla Waingereza hawajafika. Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilizipenya manowari za Kiingereza ikatia nanga ghuba ya Sudi, kusini ya mji wa Lindi, ikiwa na mizinga, risasi na dawa. Hapakuwa na reli. Shehena ikagawanywa mizigo ya kichwani ikapandishwa bara kwa miguu, na mizinga ikakokotwa. Meli yenyewe ilipigwa makombora, lakini ikatoroka hadi Batavia.

Yaliyofuata baada ya Septemba 1916 ndiyo yaliyohitaji juzuu ya pili, na juzuu hiyo haikuchapishwa kamwe. Desemba 1916 Wajerumani waliishambulia Kibata, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa. Mmoja wa mizinga yao ulikuwa umetolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915. Upande wa pili walisimama askari wa Gold Coast na Wabaluchi wa jeshi la India, wakipigana kwa mahandaki na mabomu ya mkono. Ni milima ileile ambako Vita vya Majimaji viliwaka Julai 1905, kuanzia Nandete. Mtoto aliyekimbia njaa ya Majimaji alikuwa sasa kijana wa umri wa kubebeshwa mzigo.

Tarehe 19 Julai 1917 palipiganwa Narungombe, bara ya Kilwa. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba ikawa Mahiwa, katika bonde la Lukuledi. Huko wanajeshi wa Nigeria walizingirwa na majeshi ya Uingereza yakapoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa. Von Lettow-Vorbeck aliushika uwanja, ila risasi zilikuwa zinamwishia. Tarehe 25 Novemba akavuka mto Ruvuma. Nyuma yake vilibaki vijiji vilivyochukuliwa nafaka na majeshi yote mawili. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee, kwa makadirio ya watafiti wa baadaye, wanakaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na uchovu.

Pengo hilo la Hordern lina gharama. Historia rasmi ndiyo inayonukuliwa na kila anayekuja baadaye, hivyo wasomaji wengi wanaijua Tanga na Kilimanjaro kuliko Mahiwa, iliyoua zaidi. Upande wa Ujerumani, Ludwig Boell, naye afisa aliyepigana chini ya von Lettow-Vorbeck, aliandika vita vizima hadi mwisho. Kazi yake ya kwanza iliteketea Potsdam mwaka 1945. Akaiandika upya, ikatoka Hamburg mwaka 1951. Naye pia anatazama kutoka juu ya farasi wa afisa. Sauti za Umatumbi zilianza kukusanywa kwa bidii miaka ya 1960, na Gilbert Gwassa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwauliza wazee habari za Majimaji.

Rasimu za sura za juzuu ya pili zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew, London, hazijawahi kuwa kitabu.